Saa ndani ya masini: historia ya mapatano juu ya kueleza taima



Wiki hii ninawaletea historia ya kitu ambacho karibu hakuna mtu anakiongelea, lakini kila siku tunakitumia. Ndani ya kila telefone ya Android kuko saa, tena si moja. Sisemi ile saa ya kwenye ekra inayokuambia kama unachelewa kazini. Nasema vihesabio vidogo vya umeme vilivyo ndani ya chipu, vinavyohesabu mapigo mamilioni kwa sekunde, na kuamsha prosesa wakati ukifika. Katika maandiko haya nitaviita taima.

Bila taima, masini haijui kama sekunde imepita. Haiwezi kugawa muda kati ya programu mbili. Haiwezi kungojea jibu la mtandao halafu ichoke na kuacha. Haiwezi kulala na kuamka. Linux ikiwaka na ikose taima, haifiki mbali: inasimama palepale mwanzoni, na mara nyingi haiandiki hata neno moja kwenye ekra. Mwenye masini anaona giza tu, hajui alaumu nini.

Basi swali ni hili: nani anaambia Linux kama taima iko wapi, inapiga mara ngapi kwa sekunde, na ikimaliza kuhesabu inagonga mlango gani? Kutafuta jibu kumechukua zaidi ya miaka 30. Na ndani yake kuko ubishi ambao sisi watu wa udongo tunaujua vizuri: tueleze kitu vile kilivyo, ao tukieleze vile tunataka kukitumia?

1. Wakati hakuna aliyehitaji kuuliza

Mwaka wa 1981 IBM ilitoa kompyuta yake PC. Ndani yake kulikuwa chipu ya Intel inayoitwa 8253, kihesabio chenye njia tatu, kinachopiga mara 1,193,182 hivi kwa sekunde. Anwani yake ilijulikana. Kila kompani iliyoiga PC iliweka kihesabio kile kile, pahali pale pale, na mapigo yale yale. Programu haikuhitaji kuuliza chochote. Ilienda moja kwa moja kwenye anwani, kama mtoto anayejua mlango wa nyumba ya bibi yake.

Kwa Sun Microsystems mambo yalikuwa tofauti. Wao walitaka masini inayoweza kupokea kadi mpya bila sisteme yote kuandikwa upya. Mhandisi Mitch Bradley alitengeneza programu ya kuamsha masini, OpenBoot, iliyoandikwa kwa lugha ya Forth, na ikatoka na SPARCstation za mwaka wa 1989. Wazo lake lilikuwa hili: masini ijieleze yenyewe. Inapowaka, inajenga mti. Kwenye shina kuko masini yote, kwenye matawi kuko njia za umeme, na kwenye majani kuko vifaa: kila kifaa na jina lake, anwani yake na tabia zake. Sisteme inasoma mti ule na kujua iko katika nyumba gani.

Mwaka wa 1994 wazo hilo likakuwa standari, IEEE 1275, inayojulikana kama Open Firmware. Apple iliitumia kwenye Macintosh za PowerPC, IBM pia kwenye masini zake. Huu njo mwanzo wa kile tunachoita leo mti wa vifaa.

2. Mwaka wa 2005: mti unalazwa chini

Open Firmware ilikuwa nzuri, lakini nzito. Kadi ndogo za viwandani, zile zinazowekwa ndani ya masini ya simu ao ya kupima umeme, hazikuwa na nafasi wala pesa ya kubeba programu yote hiyo. Kila kadi ilikuwa na desturi yake ya kupeana habari, na Linux ilibeba msimbo wa pekee kwa kila moja.

Mwaka wa 2005, wakati Linux ya PowerPC ya biti 32 na ile ya biti 64 zilikuwa zinaunganishwa, Benjamin Herrenschmidt alileta njia rahisi. Mti usijengwe na programu kubwa wakati wa kuwaka. Mti uandikwe mbele kwenye faili, ugeuzwe kuwa kipande kimoja cha namba, na programu yoyote ya kuamsha imkabidhi Linux kipande hicho kama vile mtu anavyotoa barua ya kujitambulisha. David Gibson aliandika programu ya kugeuza maandishi kuwa kipande hicho. Kila kipande kinaanza na alama ya utani wa wahandisi: d00dfeed. Hata leo, ukichungua faili ya mti wa vifaa ya telefone, baiti nne za kwanza ni hizo.

Sasa, taima ilielezwa namna gani katika mti wa PowerPC? Kwa urahisi mkubwa. Kwenye PowerPC taima iko ndani ya prosesa yenyewe: rejista moja inahesabu kwenda juu, nyingine inahesabu kwenda chini na inapofika mwisho inapiga kelele. Kila PowerPC inazo. Hakuna haja ya kusema ziko wapi. Kinachobadilika ni mwendo wake tu. Kwa hiyo ilitosha kuandika tabia moja kwenye tawi la prosesa, timebase-frequency, na namba ya mapigo kwa sekunde. Mwaka wa 2008 muungano wa Power.org uliandika kanuni hizo katika kitabu kinachoitwa ePAPR, na tabia hiyo ikabaki mle.

Tukumbuke jambo hili: kwa PowerPC taima ilikuwa sentensi moja. Hakuna aliyebishana.

3. Mwaka wa 2011: ARM na msitu wa kadi

Ubishi ulianzia kwa ARM. Wakati ule kompani ya ARM haikuuza chipu, iliuza michoro. Anayenunua mchoro wa prosesa anaongeza vifaa vyake pembeni: Texas Instruments taima zake, Samsung zake, Atmel zake, Broadcom zake. Kwa miaka mingi mchoro wenyewe haukuwa na taima ya lazima iliyo sawa kwa wote. Kila mtu alichonga saa yake.

Kwa Linux, kila kadi ya ARM ilipata namba kwenye daftari iliyochungwa na Russell King, na faili yake ya msimbo: kadi hii iko na taima anwani fulani, mkatizo namba fulani, mapigo kiasi fulani. Faili zikawa mamia. Nyingi zilirudia maneno yale yale, namba tu zikibadilika. Kujenga Linux moja ya kuwasha kadi mbili tofauti ilikuwa karibu haiwezekani.

Mwezi wa tatu 2011, Linus Torvalds alilalamika kwa ukali juu ya fujo hilo. Kilio chake kiliharakisha kazi ambayo Grant Likely na wengine walikuwa wameshaanza: kuleta mti wa vifaa kwa ARM. Mwezi wa kumi na mbili 2012, Linux 3.7 ilitoka ikiwa na uwezo wa kuwasha kadi za kompani tofauti kwa kiini kimoja, na toleo hilo hilo lilileta ARM ya biti 64, ambayo ilitumia mti wa vifaa tangu siku ya kwanza.

Hapo maelezo ya taima yakawa mlango wa kwanza wa kupita. Vifaa vingine vinaweza kungoja: kamera ikichelewa, masini inawaka bila kamera. Taima haingoji. Inatafutwa mapema sana, mbele ya karibu vitu vyote. Ndiyo sababu mwaka wa 2013 Linux iliongezewa njia ya pekee: kila draiva ya taima inatangaza jina la kifaa inachokijua, na Linux inapowaka inapitia mti, inalinganisha majina, inawasha zile inazozikuta.

Njia ni nzuri. Lakini mti ukionyesha taima kumi na mbili zinazofanana, tunachukua gani?

4. Kazi mbili, kifaa kimoja

Ili kuelewa ubishi, lazima tujue kama Linux inaomba taima kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni kusoma wakati: kihesabio kinatembea bila kusimama, na Linux inakitazama ili kujua muda uliopita. Kazi ya pili ni kuamsha: Linux inasema, nigongee mlango nyuma ya milisekunde 4. Zamani kazi hizo zilikuwa zimechanganyika. John Stultz alitenganisha ile ya kusoma wakati, ikaingia katika Linux 2.6.18 mwaka wa 2006. Thomas Gleixner na Ingo Molnar walileta ile ya kuamsha katika 2.6.21 mwaka wa 2007. Tangu hapo, ndani ya Linux, kila kazi iko na jina lake na meza yake.

Munaona mtego? Linux inajua kazi mbili. Mti wa vifaa unajua vifaa. Mwenye kadi anaandika mti, na ndani ya kichwa chake anajua kama taima ya kwanza itasoma wakati na ya pili itaamsha. Mkono unamwasha. Anataka kuandika palepale kwenye mti: hii ya kusoma, hii ya kuamsha. Mara nyingi watu walipendekeza hivyo, kila mara kwa sura nyingine: tabia mpya kwenye taima, ao neno kwenye tawi la machaguo.

Wachungaji wa kanuni, kama Rob Herring, walishika msimamo ambao kwanza unaonekana kama ukaidi: mti unaeleza chuma, hauelezi mpango wa Linux. Kazi hizo mbili ni mgawo wa Linux. Sisteme nyingine, FreeBSD kwa mfano, inasoma mti huo huo na iko na mgawo wake. Hata Linux yenyewe, mbele ya 2006, haikuwa na mgawo huo. Mti ulioandikwa leo kwa mawazo ya leo, kesho utakuwa uongo, na kadi iliyofungwa ndani ya sanduku juu ya mlingoti haitaandikiwa mti mpya.

Sisi wa agronomia tuko na mfano karibu. INEAC, iliyoundwa mwaka wa 1933 na makao yake Yangambi, ilianza kutoa ramani za udongo na mimea ya nchi yetu katika miaka ya 1950. Ramani ya udongo inasema mfinyanzi kiasi gani, mchanga kiasi gani, kina gani, maji yanapita namna gani. Mtu akiandika juu ya ramani "hapa ni shamba la pamba", ameandika mpango wa siku ile. Bei ya pamba ikianguka, neno lake limekufa. Lakini mfinyanzi uko palepale, na mtoto wa mjukuu atausoma na kuamua mihogo, ao maharagi, ao msitu. Anayeeleza udongo anamwachia mwingine uhuru. Anayeeleza zao anamfunga.

5. Kadi tano, majibu tano

Msimamo ni mzuri mdomoni. Kwenye kadi za kweli, kila kompani ilijaribu njia yake. Nitawapa mifano tano.

Raspberry Pi ya mwaka wa 2012 ndiyo rahisi kuliko zote. Chipu yake ya Broadcom iko na kihesabio kimoja kinachopiga mara milioni moja kwa sekunde, na milango minne ya kuamsha. Prosesa ya picha inajichukulia milango miwili, mlango 0 na mlango 2. Mti ungeweza kuficha milango hiyo. Haufichi. Unaandika mikatizo yote minne, juu chuma kiko na minne, na draiva njo inachagua mlango wa 3. Uchaguzi umebaki kwa programu, maelezo yamebaki kwa mti.

SP804 ni kizuizi cha ARM chenye taima mbili ndani ya anwani moja. Shida yake: kompani moja inaunganisha waya mbili za mkatizo, nyingine inaunganisha moja tu. Ikiwa ni moja, inatoka taima gani? Chipu haijui kusema. Kwa hiyo kuko tabia inayojibu kwa namba 1 ao 2. Hapa hakuna mpango wa Linux hata kidogo: ni waya. Mtu akifungua kadi na kufuata waya kwa macho, atapata jibu lile lile. Hiki ni kipimo kizuri cha kukumbuka.

Texas Instruments ilikuwa na kesi ngumu zaidi. Chipu zake za OMAP ziko na taima zaidi ya kumi, zote karibu sawa, lakini si sawa. Moja umeme wake haukatiki, nyingine inaweza kugonga mlango wa prosesa ndogo ya sauti na picha, nyingine waya wake unatoka inje kuendesha mota, nyingine imefungwa na ulinzi. Badala ya kuandika kazi, walieleza uwezo: ti,timer-alwon, ti,timer-dsp, ti,timer-pwm, ti,timer-secure. Linux inaomba: nipe yoyote ambayo umeme wake haukatiki. Haiombi taima namba 1. Kwangu mimi hii ni njia ya akili kuliko zote: ukitaka mtu achague vizuri, mwambie tofauti za kweli, usimwambie chaguo lako.

Atmel ilikuwa na kizuizi chenye njia tatu za kuhesabu, na kila njia inaweza kusoma wakati, kuamsha, ao kutoa mapigo ya kuendesha mota. Kwenye chipu za zamani kila njia ni biti 16 tu, inafika mwisho haraka sana, na lazima kufunga mbili pamoja ili kupata biti 32. Kufunga mbili ni chuma ao ni mpango? Ukweli, ni vyote viwili. Mapatano yao ya leo yanaweka taima kama mtoto chini ya kizuizi, na mtoto anataja njia anazozichukua, moja ao mbili. Njia isiyotajwa inabaki kwa kazi nyingine. Hapa mti umeegemea kidogo upande wa mpango, na kuko sababu: kwenye kadi yenyewe, waya wa mota umeshaunganishwa na njia fulani, kwa hiyo njia ile haiko huru tena.

Na kadi ya zamani ya ARM, Integrator/AP, yenye taima tatu, ilipata njia ya pembeni: kwenye tawi la majina ya utani, mti unasema taima gani ni ya kwanza na gani ni ya pili. Hiyo ni kuchagua waziwazi. Iliruhusiwa kwa kadi ile. Haikukuwa kanuni ya wote, na ni bahati.

Niongeze moja inayoonyesha kama chuma hakiko tu michoro. BeagleBoard za kwanza, mpaka B4, zilikuwa na kapasita moja, C70, iliyovuruga saa ya mapigo elfu 32 kwa sekunde. Taima zilizotegemea saa ile hazikuaminika. Kadi zilizofuata zilisahihishwa. Lakini kwa muda mrefu msimbo uliwatendea wote kama wagonjwa, juu jina lilikuwa moja. Dawa ilikuwa kutoa faili ya pekee kwa zile za kwanza, inayosema: kihesabio hiki kwenye kadi hii hakitumiki. Ugonjwa wa chuma nao ni ukweli wa chuma. Uandikwe, lakini uandikwe kwa mgonjwa mwenyewe, si kwa ukoo wote.

6. Kunyamaza kunasema nini

Nyuma ya miaka, ARM iliweka taima ndani ya mchoro wa prosesa yenyewe. Shangwe! Sasa kila prosesa mpya iko na taima ile ile, inayosomwa namna ile ile. Mti unataja tu mikatizo yake kwa mpangilio unaojulikana. Wengi walifikiri ubishi umeisha.

Haukuisha. Kwa chipu nyingi, prosesa ikilala usingizi mzito, umeme unakatwa na taima inalala nayo. Saa ya kuamsha inayolala na mwenye nyumba haina faida. Kwa chipu nyingine umeme haukatiki. Tofauti hiyo haionekani kutoka ndani ya prosesa, basi mti lazima useme. ARM iliamua: ikiwa taima haipotezi umeme, andika always-on. Ikiwa hakuna neno, Linux inachukulia kama inaweza kulala, na inatafuta taima nyingine ya kulinda.

Miaka ya 2022 na 2023, watu wa RISC-V walikutana na shida hiyo hiyo. Wao walikuwa wamerudi kwa njia ya PowerPC: timebase-frequency kwenye tawi la prosesa, na Linux inakataa kabisa kuendelea ikikosa namba hiyo. Halafu zikatokea chipu ambazo taima yake haiwezi kuamsha prosesa iliyolala. Waliongeza tabia, lakini kwa upande mwingine wa sarafu: riscv,timer-cannot-wake-cpu. Ikiwa hakuna neno, Linux inachukulia kama inaweza kuamsha.

Tazameni vizuri. Kwa ARM, kunyamaza ni kusema "usiniamini". Kwa RISC-V, kunyamaza ni kusema "niamini". Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alikuta miti iliyoandikwa mbele, ndani ya kadi zilizoshauzwa, na aliuliza: hizi zilizonyamaza, nikiongeza kanuni mpya, ziendelee kutembea namna gani? ARM ikikosea inapoteza betri kidogo. RISC-V ikikosea masini inalala bila kuamka.

Kwa mtu anayetaka kuweka shambani kisanduku kidogo cha kupima unyevu wa udongo kila dakika 15, chenye betri na kipande cha sola, hii si nadharia. Mstari mmoja unaokosa kwenye mti njo tofauti kati ya kipimo cha msimu wote na sanduku lililokufa siku ya kwanza.

7. Mti usiwe pahali pa kuficha kosa la mwingine

Kuko tabia moja zaidi ninayotaka kuongelea: clock-frequency kwenye taima ya ARM. Taima hiyo iko na rejista ya kushika namba ya mapigo yake. Programu ya kuamsha inapaswa kuandika namba ile mle mbele ya kumkabidhi Linux masini. Programu nyingine hazikuandika, ao ziliandika kwa prosesa moja na kusahau zingine. Mwenye kadi akaona njia fupi: niandike namba kwenye mti, mambo yaishe.

Kanuni inaruhusu, lakini kwa sauti ya mzazi aliyekasirika: tumia tu ikiwa hakuna njia nyingine kabisa, sahihisha kwanza programu yako ya kuamsha. Kwa nini ukali huo? Juu Linux peke yake njo itasoma namba ile kwenye mti. Sisteme ya wageni inayotembea juu ya masini hiyo hiyo itasoma rejista, na itakuta uongo. Sekunde ya huyu haitakuwa sekunde ya yule. Mti ulirekebisha dalili, ugonjwa ukabaki.

8. Neno lililotolewa

Mwaka wa 2016 kanuni za mti wa vifaa zilitoka katika kitabu kipya kisichofungwa na prosesa moja, Devicetree Specification, toleo la 0.1. Miaka michache baadaye, Rob Herring na wenzake walianza kugeuza maelezo ya kila kifaa kutoka maandishi huru kwenda mfumo ambao masini inaweza kuusoma na kuukagua. Taima nazo zikapitia. Leo mtu akiandika mti na kusahau mkatizo, ao akiongeza tabia aliyojitungia usiku, kikaguzi kinamkamata mbele ya kadi kutoka kiwandani.

Lakini kikaguzi kinajua herufi, hakijui ukweli. Hakuna programu itakayojua kama umeandika always-on kwa taima inayolala. Hapo bado tunategemea mtu aliyesoma kitabu cha chipu, aliyepima, na aliyekataa kuandika anachotaka badala ya alichokiona.

Na hapa njo nataka tufikiri pamoja. Telefone nyingi zinazofika masokoni kwetu ni za mkono wa pili. Kompani iliyozitengeneza imeshazisahau, haitoi tena masahihisho. Kuko watu, kama wale wa mradi wa postmarketOS ulioanza mwaka wa 2017, wanaojaribu kuzipa Linux mpya ili ziishi zaidi. Kazi yao inategemea sana swali la leo. Mahali ambapo kifaa kilielezwa kwa ukweli, Linux ya leo inasoma mti wa zamani na kuendelea. Mahali ambapo aliyeandika alieleza tu mpango wa programu yake ya mwaka ule, wanaanza kuchimba upya, rejista kwa rejista.

Ni vile vile kwa shughuli zetu. Tunaandika ripoti za mashamba, za visima, za mbegu. Mfadhili anauliza mpango, na sisi tunaingiza mpango hata mahali pa maelezo: "udongo wa mahindi", "bonde la mradi fulani". Mradi unaisha nyuma ya miaka mitatu. Anayekuja nyuma yetu anafungua karatasi na kukuta kile tulichotaka, hakuti kile kilichokuwepo. Wahandisi wa taima walibishana miaka mingi juu ya mstari mmoja wa maandishi, na mara nyingi walichelewesha kadi za watu kwa sababu hiyo. Lakini waliotoa neno "hiki kiko hivi" walimwachia mtu wasiyemjua nafasi ya kuchagua kazi yake mwenyewe.

Sasa nawaachia swali, wandugu na wadada, kila mtu alijibu kwa fani yake: katika karatasi ya mwisho uliyoandika kazini, ukiondoa mpango wote, kunabaki maelezo kiasi gani ambayo mtu wa mwaka wa 2050 anaweza kuyatumia?